Maswali Yaliyomezwa

Jumatatu saa nne asubuhi, mwalimu wa hesabu aliunganisha laptopu yake na projekta, akabonyeza kitufe cha kurekodi skrini, akaanza kuwafundisha wanafunzi tisini na wanne kugawanya. Alirekodi kila kipindi ili wa nyuma, wasioona vizuri, wakatazame tena maktaba. Aliandika: sita gawanya kwa nusu, jibu kumi na mbili. Akauliza kama kuna swali. Kimya.

Alasiri, katika chumba cha walimu, aliirudia rekodi ili akate sehemu alizokohoa. Kishale kilitembea kwenye skrini, sauti yake ikaeleza, na palepale alipouliza kama kuna swali, likasikika.

"Mwalimu, tukigawanya, mbona jibu linakuwa kubwa?"

Ilikuwa sauti ya msichana wa dawati la mwisho. Wenzake walimwita Fanicha, kwa kuwa tangu aanze shule alikuwa anakaa tu. Baada yake yakafuata maswali mengine thelathini na moja, kwa zamu, kwa adabu.

Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa akisahihisha madaftari pembeni, aliinua kichwa. "Hayo ni yale wanayoyameza," alisema. "Laptopu yako inashika vizuri. Yangu haishiki hata kengele."

Kesho yake mwalimu alianza na swali la Fanicha bila kumtaja.

"Una mikate sita. Kila mtu unampa nusu. Watakula wangapi?"

Darasa likahesabu. Kule nyuma msichana akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Wiki zikaenda hivyo, mchana mwalimu akisikiliza, asubuhi akijibu. Alama zikapanda.

Habari zikafika ofisi ya elimu. Mkaguzi akaja, mtu mzima mwenye mvi, akakaa nyuma na daftari lake. Rekodi ya siku ile, walipoisikiliza pamoja alasiri, ilikuwa na sauti ya mvulana ambaye hakuna aliyemjua shuleni, ikiuliza kwa nini hatugawanyi kwa sifuri.

"Hilo langu," mkaguzi alisema, akivua miwani. "Nililianza nikiwa mvulana, nikaambiwa nikae chini."

"Chukua mikate sita, mzee wangu," mwalimu alisema. " Kila anayekuja usimpe kitu. Mikate itaisha lini?"

Mkaguzi alihesabu kwa vidole. "Haiishi."

"Basi ndiyo sababu."

Mkaguzi alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. Kisha akaenda kuandika ripoti: shule ina mwalimu wa hesabu anayejibu hata yasiyoulizwa, hivyo ombi la shule la kuongezewa mwalimu wa pili limefungwa.

Ripoti ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Rekodi ya Alhamisi ilitoka na swali moja tu, kwa sauti ya mwalimu mwenyewe: peke yangu nitafika wapi? Hakulifuta. Aliipeleka maktaba kama alivyopeleka nyingine zote.

Ijumaa aliingia darasani akakuta nusu ya madawati yamegeuzwa, yanatazama ukuta wa nyuma. Fanicha alikuwa amesimama mbele ya madawati hayo na kipande cha chaki.

"Shikamoo, Mwalimu. Wewe endelea na hao. Hawa wa huku niachie mimi."

Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya kwenye rekodi. Mwalimu aliitikia, akabonyeza kitufe, wakaanza wote wawili.