Mashine ya Premji

Boti ya Premji ilikuwa imelala kwenye tope la Wete tangu Nyange alipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani. Iliezekwa makuti mara moja, makuti yakaoza, na hakuna aliyeezeka tena. Kaa walichimba mashimo chini yake. Mashine iliyokuwa ndani ilishika kutu kiasi kwamba mtu akiitazama kwa mbali angedhani ni kichuguu kilichoota katikati ya mbao.

Aliyeamua ifufuliwe ni Bi Dolatkhanu, mjane wa Premji. Alikuwa na duka la nguo na mchele, na kila masika ilipokwisha na kuziacha barabara za kwenda mashamba zimekatika, alikaa dukani na bidhaa zake wakitazamana, hana chombo cha kuzipitisha baharini. Akasikia kuna fundi amerudi kutoka Tanga, alikokuwa akitengeneza mashine za kiwanda cha katani. Akamwita.

"Wewe ni mtoto wa Jaribu," alisema kabla hajamkaribisha kukaa.

"Ndimi, bibi."

"Baba yako aliiua mashine ya mume wangu."

"Watu husema hivyo."

"Basi wewe uifufue. Kama huwezi sema sasa hivi, nisikupikie chai bure."

Nyange akasema anaweza. Chai ikaletwa, akanywa akitazama chini. Hakumwambia kwamba mashine ile ndiyo iliyomrudisha Pemba.

Jaribu alikuwa nahodha wa boti hiyo. Mwaka wa mwisho aliomba ruhusa ya kwenda kumzika mjomba wake, Premji akamnyima, kisha akamtukana mbele ya wachukuzi. Haukupita muda masika ikaingia. Boti ikapandishwa pwani, na Jaribu akaifunga kama ilivyo kawaida ya kila chombo. Mvua zilipokwisha, mashine ikakataa kuzunguka. Hakukuwa na fundi wa kuifungua, na Premji akasema imetiwa mchanga kwa hasira. Jaribu akasema hakuiharibu. Maneno yalipozidi, Jaribu mwenyewe ndiye aliyetaka isomwe Halbadiri, kisomo kinachosomwa ili aliyetenda uovu kwa siri apatwe na malipo yake. Kikasomwa msikitini. Yeye alikaa safu ya mbele akiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwaka huohuo mkewe, Bi Mwatum, mama yake Nyange, alishikwa na homa akafa.

Watu wa Wete hawakusema mengi. Walisema tu, "Imempata." Jaribu akahamia Gando akalima muhogo. Alibakiwa na jambo moja la kuegemea. Alijua kwamba hakutia mchanga, kwa hiyo kifo cha mkewe kilikuwa amri ya Mungu, hakikutokana na kisomo chake. Nyange alitaka kuifungua mashine, ionekane haina mchanga, na watu walione hilo kwa macho yao.

Kazi ya mbao ilikuwa ya Vuai, fundi wa kuziba vyombo, mtu mzima mwenye mdomo mrefu kuliko patasi yake. Alitoa mbao zilizooza akatia za mvule, akawa anashindilia pamba katika nyufa na kuizungumzisha. Nyange alikuwa juu yake, ndani ya boti, akipigana na nati.

"Fundi!" Vuai aliita kutoka chini. "Ukiupata huo mchanga wa mzee wako niletee. Mie n'na ukuta nataka kuupiga lipu."

"Ziba nyufa zako, Mzee Vuai."

"Nyufa zangu hazina kesi."

Nati nyingine zilikubali baada ya kulowekwa mafuta ya taa. Nyingine zilikatika shingo, ikabidi azitoboe na kwenda kwa mhunzi kuchongesha mpya. Kutu ya nje ilitoka kwa magamba, na chini ya magamba kulikuwa na mashimo madogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nyange alisugua kwa brashi ya waya mpaka viganja vikavimba. Alipofika kwenye kifuniko cha silinda alikwenda kunawa mikono, akachukua kitambaa cheupe kipya, ndipo akakifungua.

Alipitisha kitambaa ndani, akakizungusha polepole, akakitoa. Kilikuwa na uchafu wa kahawia. Akakisugua kwa vidole karibu na sikio. Hakikukwaruza.

"Mzee Vuai, panda uone."

Vuai akapanda, akakipapasa kitambaa, akakitazama juani.

"Mchanga hamna," akasema.

"Hamna."

"Wallahi hamna." Akakaa juu ya ukingo wa boti. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa mzaha wake. "Basi kitu gani kilichoikaba?"

Nyange hakuwa amefikiria swali hilo. Pistoni zote mbili zilikuwa zimeganda mahali pake, na juu yake kulikuwa na utando mgumu, wa rangi ya asali, unaong'aa kama sandarusi. Aliukwangua kwa msumari ukatoka chembechembe. Aliumwagia mafuta ya taa, akaungoja, na haukulainika. Mwishowe akasema ni grisi ya zamani iliyokauka, na dawa yake ni moto.

Aliifungua silinda kutoka kwenye kitako chake, wachukuzi wakamsaidia kuiteremsha, akaiweka juu ya mawe na kuwasha makaa ya vifuu chini yake. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini kuelekea sokoni. Chuma kilipopata joto, utando ule ukaanza kutokota pembeni mwa pistoni, na harufu ikatoka.

Wanawake wawili waliokuwa wakipita walijiziba pua kwa ushungi. "Uu! Nani anapika papa mbovu?"

Vuai alikuja mbio akicheka. "Fundi, unatupikia ng'onda? Ungesema nije na ugali!" Kisha akakaribia zaidi, na kicheko kikamkatika. Alichukua kijiti, akachovya kwenye ule utomvu uliokuwa ukiyeyuka, akausugua baina ya vidole na kuunusa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili. Mikono yake yenyewe ilinuka hivyo tangu ujana.

"Haya ni mafuta ya papa," akasema.

Ni mafuta ya maini ya papa, ambayo kila mtu wa pwani huyapaka chombo chake kabla ya mvua. Hukauka yakawa kama ngozi, maji yasipite, mdudu asiingie.

"Mzee wako kaimwagia," Vuai akasema taratibu. "Masika imeingia, kakifunga chombo chake, kakipaka mafuta nje na ndani. Na mashine nayo kainywesha, isije ikala kutu."

"Mashine si ubao, Mzee Vuai. Mafuta haya hayateleshi. Yanaganda."

"Nani alikuwa akijua hayo? Ilikuwa mashine ya mwanzo pwani hii. Hata mie ningeimwagia. Ningeimwagia mtungi mzima na kuisomea Bismillahi." Akainuka, akageukia sokoni, akajaza kifua pumzi. "Enyi —"

Nyange akamkamata mkono. "Usiseme."

"Kwa nini nisiseme? Si ndiyo umemtoa baba yako midomoni mwa watu?"

"Nimemtoa midomoni mwa watu nikamtia kwenye Halbadiri yake mwenyewe." Sauti ya Nyange ilikuwa ndogo. "Kisomo kilisomwa dhidi ya aliyeiharibu mashine. Aliyeiharibu ni yeye. Na mama amekufa."

Vuai akakitupa kijiti motoni. Makaa yalipasuka chini ya silinda. Baadaye akasema, "Mdomo wangu nitaufunga, mwanangu. Pua za watu siwezi kuzifunga. Pwani nzima inajua harufu hii, na Gando si mbali."

Asubuhi ya pili Nyange alikwenda Gando kwa miguu. Njiani alipanga atakavyosema. Atasema ni kutu. Kutu haina mwenyewe. Hakuna anayeipeleka mahali na hakuna anayelaumiwa kwayo.

Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba akimenya muhogo wa kuanika makopa. Alikuwa amekonda, lakini kisu kilipita kwenye muhogo bila kusita. Nyange akamwamkia, akakaa juu ya kinu kilicholala.

"Umeifungua?" Jaribu akauliza.

"Nimeifungua. Haina mchanga, baba. Hata chembe. Mzee Vuai ameona."

"Nilisema mie."

"Ulisema."

Jaribu akamenya mwingine. "Basi ilikuwa nini?"

"Kutu," Nyange akasema.

Baba yake akamtazama. "Kutu haikuleti Gando na jua halijapanda. Sema."

Nyange akatazama maganda ya muhogo yaliyokuwa miguuni pake. "Mafuta ya papa."

Uso wa Jaribu ukachangamka. "Eee, nilitia! Kwani yalikuwapo mpaka leo? Yalikuwa mafuta mazuri yale, ya papa wa Wambaa, nilimwagia mpaka juu, nikasema hapa maji hayaingii kamwe. Premji alikuwa hajui kutunza chombo, maskini. Nilikuwa nimekasirika naye, lakini chombo hakina kosa." Alikuwa bado anatabasamu. Kisha akaona mwanawe hatabasamu, na kisu kikasimama.

"Yakaganda," akasema.

"Yaliganda, baba. Ndiyo yaliyozishika pistoni."

Kuku walikuja wakadonoa maganda, wala hakuna aliyewafukuza. Jaribu alikitazama kiganja chake, halafu akakifuta kwenye shuka, halafu akakifuta tena.

"Mwatum," akasema.

"Mama alikufa kwa homa. Homa ile iliua wengi mwaka ule. Na kisomo humshika mwenye nia mbaya, baba, wewe nia yako —"

"Nyamaza." Hakusema kwa ukali. "Hayo nitaulizana na Mungu. Si na weye."

Nyange alitamani kumshika mkono, na hakujua kama baba yake angeupenda. Jua lilikuwa limeanza kuufikia muhogo uliomenywa.

"Chuma chini ya mafuta kikoje?" Jaribu akauliza.

"Kinang'aa. Nje kutu imekula, ndani hamna hata doa."

"Itazunguka?"

"Itazunguka."

Jaribu akainuka. Alianika muhogo wote uliobaki, kipande kimoja kimoja, akaoga, akavaa kanzu. Wakaondoka pamoja kwenda Wete, baba mbele na mwana nyuma.

Dukani kwa Bi Dolatkhanu kulikuwa na wateja. Jaribu alisimama mlangoni, na watu walipomtambua wakaacha kuchagua kanga. Bi Dolatkhanu aliweka mkasi juu ya meza.

"Bibi," Jaribu akasema, "mume wako alisema mie niliiua mashine yake. Ni kweli. Niliiua mie. Nimekuja kutaka radhi."

"Ulitia mchanga?"

"Mafuta ya papa. Nikidhani naitunza."

Bi Dolatkhanu akamtazama Nyange, na Nyange akatikisa kichwa kukubali. "Kumbe ndiyo harufu ile ya jana," akasema. Kisha akamgeukia mzee. "Kwa nini hukumwambia? Alikuuliza usiku na mchana."

"Aliniuliza mchanga, bibi. Angeniuliza mafuta ningemjibu kwa furaha. Ningemletea na mtungi aone nimeacha kidogo mno."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Bi Dolatkhanu hakucheka. Alizunguka meza akaja mlangoni.

"Radhi nimekupa, mimi na watoto wangu. Na Premji naye alikukosea. Alikunyima kwenda kuzika, akakutukana mbele za watu, akakuita hasidi mpaka siku anakufa. Mpe radhi yake, Mzee Jaribu. Mwenyewe hawezi tena kuja kuiomba."

Wote walingoja. Radhi ni neno dogo, na watu hulitoa hata kwa aliyewakanyaga msikitini.

"Hiyo ningoje, bibi," Jaribu akasema. "Nikikupa sasa itakuwa ya mdomo."

Akatoka. Bi Dolatkhanu akarudi kwenye mkasi wake na kuukata mtandio uliokuwa mbele yake, vibaya, ikabidi aanze upya.

Pistoni zilitoka kwa moto, mafuta ya taa na nyundo ya mti. Nyange akatia pete mpya alizoagiza kutoka Unguja. Siku boti iliposhushwa majini Jaribu alikuwapo, amesimama nyuma ya watu. Nyange alizungusha gurudumu zito mara kadhaa, mashine ikapiga chafya, ikatoa moshi, ikanyamaza, watu wakasema "Aaa!", kisha ikashika. Vuai akarukaruka ndani ya maji kama mtoto. Jaribu aliisikiliza ameinamisha kichwa. Nyange alipomtafuta baadaye, alikuwa amekwisha kuondoka.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Jaribu alisomesha hitima nyumbani kwake Gando. Walikuja majirani, na kutoka Wete alikuja Vuai na watu wengine ambao hawakuwahi kufika pale. Visomo vilipokwisha shehe akainua mikono, akauliza majina ya marehemu wa kuombewa.

"Mwatum binti Bakar," Jaribu akasema.

Shehe akalitaja. Akangoja kidogo, kama desturi, iwapo kuna jingine.

"Na Premji," Jaribu akasema.

Vuai akainua uso. Premji alikuwa na jamatini yake, nyumba ya sala ya watu wa dhehebu lake, na hapo Gando hakuna aliyewahi kumsomea. Shehe akafikiri.

"Premji bin nani?"

"Bin Ramji."

Shehe akalitaja jina hilo baada ya la Mwatum, na wote waliokuwamo wakaitikia amina. Nyange alimsikia baba yake akiitikia. Hakuinua sauti zaidi ya wenzake.