Kombe la Katiba

La, bomba halikuwa bovu, nani kakwambia? Lilikuwa jipya, la rangi ya kijani, na koki yake ikizunguka laini kama imetiwa samli. Maji ndiyo hayakuwamo. Watu walitolewa kwenye vijiji vyao vya zamani, mahame sasa, kule kwenye kisima, wakaletwa huku nyuma ya Makurunge, wakaambiwa maji yatawakuta. Mwaka wa tatu huo, hayajawakuta. Na kurudi kule kisimani ni marufuku.

Sasa Msabaha alikuwa na hitima ya mkewe, Ijumaa. Marehemu Somoe alikuwa mtu wa watu, hitima yake si ya sufuria moja. Maji ya kupikia na ya kutawadhia wageni yatoke wapi? Jumatano akakamata kitabu cha Katiba, ile mpya ya sabini na saba, akaenda nacho mahakamani Bagamoyo kwa miguu. Alishasomewa kurasa za mbele: serikali itatumia mali ya nchi kumwondolea kila mtu shida.

Karani akasoma, akavua miwani.

"Mzee wangu, hizi kurasa za mbele si za kushitakia. Ni za kuielekeza serikali tu."

"Isipoelekea?"

"Basi haijaelekea."

"Na mimi je?"

"Subiri, mzee wangu."

Alirudi kafura. Akapitia kwa Maalim Sharifu, aliyekuwa akiwaandikia wagonjwa kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikoshwe kwa marashi, mtu anywe apone. Msabaha akataka aandikiwe Katiba, alinyweshe bomba.

"Hii si aya, Msabaha."

"Najua si aya. Kwani si maneno mazuri?"

"Mazuri."

"Basi andika, Maalim. Nimechoka mie."

Maalim akaandika. Yalikuwa marefu, yakala sahani mbili. Msabaha akayaosha, akayamimina bombani.

Alhamisi alasiri bomba likaanza kutoka. Yalitoka maneno, mengi, ya baridi: serikali itahakikisha, serikali itajitahidi, kadiri hali itakavyoruhusu. Watu wakapanga ndoo, maana foleni ni foleni. Ndoo ikijaa ilikuwa nzito vilevile, na shingo zikauma vilevile.

Ijumaa asubuhi Mwanamvua, dada yake Msabaha, akayatia kwenye mchele. Mpaka adhuhuri mchele ulikuwa mkavu.

"Kaka, haya maneno yako hayachemki."

"Ongeza moto."

"Nimeongeza. Yananambia hatua kwa hatua."

Wageni wakafika. Maalim akaona maneno hayatawadhiki, akaamuru watu watayamamu kwa mchanga, wakasali. Nyuma yao akaja Bwana Mwinjuma wa wilayani na faili lake la malalamiko ya maji. Akafungua koki, akasikiliza kidogo, akaandika.

"Bomba linatoa. Malalamiko yenu nayafunga."

"Linatoa nini, bwana?" Msabaha akauliza.

"Fomu haiulizi hilo."

"Fomu haiulizi! Hebu kunywa basi, tukuone."

"Mzee, mimi nimekuja kukagua, sikuja kunywa."

Maneno kijijini yalishazidi. Mwanamvua hakuuliza mtu. Akamwaga ndoo zake kwenye mihogo, mihogo haikushtuka, akawaita wanawake wenziwe. Wakashika njia ya mahame, maili nne kwenda, maili nne kurudi. Maulidi na dua zikasomwa, zikamalizika, wageni wakabaki wanatazamana. Bwana Mwinjuma naye hakuondoka, gari la kumrudisha halikuja.

Wanawake walirejea jua limeshalegea, kanga zimelowa mabegani. Mchele ukaoshwa, ukatelekwa, ukaiva. Masinia yakatandazwa mkekani. Bombani kule koki ilikataa kufunga, likaachwa liseme.

"Jongea, bwana," Msabaha akamwambia Mwinjuma, akimmiminia maji ya kunawa. "Haya yametoka kule mlikotukataza."

Bwana Mwinjuma akanawa mikono yote miwili, vizuri, mpaka vifundoni. Akaliweka faili chini, akalikalia lisipeperuke. Mwanamvua naye akakaa, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, akasema bismillahi, wakala.