Jicho Lilipozunguka Nyumba ya Josephina

Mama mwenzangu unayepika vitu vyako nyuma ya nyumba, soma haya taratibu, halafu ukautazame vizuri ukuta wako.

Pale kijijini Naipingo, Josephina alikuwa ameapa kanisani, mbele ya Katekista Severini na kwaya nzima anayoiongoza, kwamba kupika gongo, ile pombe kali ya mabibo ya mikorosho, ameacha. Katekista akamwonya kuwa akirudia, kwaya atapewa mtu mwingine. Na Josephina bila kwaya hali chakula kikashuka. Basi akaacha kweli, wiki moja. Mabibo yalipoanza kudondoka akashindwa kuyatazama yakioza bure, pipa la gongo likarudi motoni, safari hii nyuma ya nyumba, ukutani kabisa.

Binti yake Prisca anachora kwa kompyuta kule Ruangwa. Akaja kukipiga picha kijiji kila upande, akitengeneze chote ndani ya kompyuta, ili watu wa mradi wa maji waone mabomba yatapita wapi. Alipofika nyuma, mama yake akamwambia lile pipa ni la maji. Prisca, mtoto anayemwamini mama yake, akalipiga picha na lenyewe.

Siku ya mkutano wa kukionyesha kijiji hicho cha kompyuta, Josephina akaanza kuhangaika. Akamuuliza binti yake kama mle kwenye kompyuta vitu vyote vimo.

"Vyote vimo, mama. Ila inachora kile tu ambacho jicho lake linakiona. Kwa kila kinukta inajiuliza, hapa nani yuko karibu zaidi na jicho? Wa karibu anachorwa, wa nyuma yake anafichwa."

"Na ukuta ukiwa mbele?"

"Unachorwa ukuta."

Josephina akafurahi mpaka akakaanga mayai. Kumbe mashine ina adabu kama mkwe. Akavaa joho lake jeupe la kwaya, akaenda zake mkutanoni akitingisha mabega.

Katika darasa la shule walikuwa wameziba madirisha kwa mikeka na kutundika shuka. Projekta ilipowashwa, kijiji kikatokea, wanawake wakapiga vigelegele kwa kuona mapaa yao. Bashiri, jirani wa Josephina, hakufurahi. Alilalamika kwamba mbuzi wake amekatwa nusu. Prisca akamweleza kuwa nusu nyingine iko nyuma ya mkorosho, hakuna aliyeila. Bashiri akasema hayo ni maneno, yeye anataka kumwona mbuzi wake mzima.

Prisca akasogeza kipanya, jicho likaanza kuzunguka. Mgongo wa mbuzi ukajitokeza. Na ubavu wa nyumba ya Josephina nao ukaanza kugeuka, polepole, kama mtu anayeitwa jina.

Josephina akakumbuka: wa karibu ndiye anayemficha wa nyuma. Akaruka mpaka mbele ya shuka, akatanua mikono yote miwili, akaanzisha wimbo. Alikuwa mnene wa kutosha, shuka likafunikwa vizuri. Alichosahau ni joho. Lile joho jeupe lilipokea picha vizuri kuliko hata shuka. Pipa likatua tumboni kwake, na mrija wake uliopinda ukamshuka mkononi. Akicheza, na pipa linacheza.

"Mama, sogea kidogo," Prisca akasema kwa upole, "unaziba pipa la maji."

"Maji gani hayo yana mrija na kuni chini?" akauliza Hajra, mke wa Bashiri.

Watu walicheka mpaka madawati yakasogea. Katekista Severini akasimama, akakohoa, akaanza kusema kuwa kuhusu ile kwaya, leo, mbele ya wote...

"Zungusha kidogo tu," Bashiri akamkatiza. "Bado mkia."

Prisca akazungusha. Kwenye joho, kando ya pipa, ikaja baiskeli imeegemezwa ukutani. Tandiko jekundu, na mfuko wa vitabu vya nyimbo unaning'inia. Naipingo nzima ina baiskeli moja ya namna hiyo.

Katekista akaitazama baiskeli yake, akakaa chini. Lile la kwaya akasema lina siku yake, na siku yenyewe haijafika mpaka leo.

Jioni hiyohiyo kwaya ilikwenda na Josephina nyuma ya nyumba, wakamwaga gongo, wakasugua pipa, na sasa liko penye bomba jipya, la maji kweli. Anaendelea kuimbisha, ila joho ameshona la bluu.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, usiutegemee ukuta. Unaficha mpaka jirani atakapotaka kuuona mkia wa mbuzi wake.