Beseni la Mwalimu Kimya

Katika shule anayosoma mjukuu wangu, wanafunzi na wafanyakazi huingia pamoja katika mafungo ya kiroho kila mwaka, na mafungo hayo huendeshwa kwa kimya. Mwalimu hasemi na mwanafunzi, wala mpishi na mwalimu. Sauti ni ya padri peke yake mpaka baraka ya mwisho. Mkwe wangu, baba wa mjukuu huyo, hufundisha hesabu shuleni hapo, naye ndiye msimamizi wa ukimya huo. Wanafunzi walimpachika jina la Kimya, likamkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake.

Mwaka uliopita, mafungo yakiendelea, binti yangu alizidiwa ghafla. Nilimpigia mkwe simu kutoka wodini. Alifika mbio, lakini alifika peke yake.

"Mtoto yuko mafungoni, baba," aliniambia. "Nitamleta yakiisha."

Mama wa mtoto hakujaliwa kungoja yaishe. Alikata roho alfajiri. Mumewe akarudi shuleni, akaketi nyuma kabisa ya kikanisa, akasubiri baraka ya mwisho itolewe, ndipo akamwita binti yake kando na kumpa habari. Hakutenda hivyo kwa ukatili. Aliamini, kama mtu anavyoamini jedwali la kuzidisha, kwamba aliye mbele ya Mungu haitwi.

Tangu maziko, msichana anaishi kwangu. Ni wa kwanza darasani, mnyoofu wa mgongo na wa maneno, na sioni haya kumsifu. Baba yake akija kututembelea humwamkia kwa adabu, humwandalia kiti, kisha huingia chumbani na kurudisha mlango. Zaidi ya shikamoo, hamna neno.

Mafungo ya mwaka huu yalipokaribia, nilimkuta akipiga pasi sketi ya shule.

"Babu, siku ya kufunga mafungo walimu watatuosha miguu."

"Vizuri. Kata kucha."

"Babu, nawe!" Alicheka, kisha kicheko kikamwisha. "Padri anataka kila mtu aende kwa mwalimu ambaye moyo haujatulia kwake. Nikimpita baba, je?"

"Mguu ni wako. Silazimishi mguu wa mtu."

"Na nikikaa mbele yake, nitamuuliza jambo."

"Katikati ya kimya?"

"Kimya alichonipa yeye kilishanitosha, babu."

Nilimwonyesha tu mkunjo aliousahau kwenye pindo.

Walezi tulialikwa kwenye ibada ya kufunga. Mlangoni alisimama mpishi wa shule, mama mchangamfu, akijaza majagi maji ya vuguvugu.

"Karibu, mzee. Sema yote hapa hapa, maana ukivuka kizingiti hiki hata chafya unaiombea ruhusa."

"Mama, nimefundisha tangu hujazaliwa. Ruhusa ya chafya nilikuwa naitoa mimi."

Alijiziba mdomo kwa aproni, mabega yakimtikisika, nami nikaingia.

Walimu walikuwa wamepiga magoti mbele ya altare, kila mmoja na beseni, taulo begani, na kiti mbele yake. Kwa mwalimu wa michezo palikuwa na foleni. Kwa sista mkuu vilevile. Kiti cha mkwe wangu kilikuwa kitupu; nani angempelekea Kimya mguu wake? Naye alikuwa akichovya vidole ndani ya maji, akiyapima yasije yakapoa.

Mjukuu wangu aliinuka. Akaipita foleni ya kwanza, akaipita ya pili, akaketi. Akavua kiatu kimoja na soksi yake.

Baba yake aliuosha mguu ule taratibu, kidole baada ya kidole, kama aoshaye mtoto mchanga. Nilikuwa safu ya mbele, karibu nao.

"Baba," msichana akasema. "Mama aliniulizia?"

Foleni zote ziligeuza shingo. Jibu nililijua, kwani usiku ule nilikuwa upande wa pili wa kitanda. Katika ualimu wangu sikuadhibu kosa lolote kwa ukali kama uongo, na mwanamume huyu nilimpa binti yangu kwa sababu ulimi wake haukuwa na kona. Lakini pale, mbele ya altare, nilimwomba Mungu amfanye adanganye.

"Alikuulizia," akasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia uko njiani."

"Akaamini?"

"Aliamini. Akataka ageuziwe upande wa mlango. Tukamgeuza." Maji yalimdondoka mikononi. "Hakuyaondoa macho mlangoni mpaka mwisho, mwanangu."

Huo aliomwambia mkewe wodini, kwamba mtoto yuko njiani, ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema.

Msichana hakupiga kelele. Aliutoa mguu katika beseni, akaichukua taulo begani kwa baba yake, akajifuta mwenyewe. Akavaa soksi, akavaa kiatu, akafunga kamba kwa utulivu kama aliyekuwa peke yake chumbani. Kisha akasimama, akamrudishia taulo kwa mikono miwili.

"Asante, Mwalimu," akasema.

Alirudi kuketi miongoni mwa wenzake, mgongo wima, uso haukuonyesha kitu. Baba yake alibaki amepiga magoti mbele ya kiti kitupu, viganja wazi juu ya maji, akiungoja mguu wa pili, hata padri aliponyanyua mkono kutoa baraka.