Aya ya Mpinzani

Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kumaliza sentensi. Baba, ambaye ni fundi bomba, akianza kusimulia choo kilichoziba, Mama anamkatiza na habari za kazini kwake, mimi namkatiza Mama, na Bibi, mama yake Baba, akifungua kinywa tu Baba anamwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Hatukuwa tunagombana. Hivyo ndivyo tunavyopendana hapa Volos, mjini kwetu Ugiriki, na majirani wa juu na wa chini wanapendana vivyo hivyo, tunawasikia ukutani.

Ndiyo maana Mama alipokwama, alikwama hapo hapo.

Mama anaitwa Fotini, na ni mpishi wa chekechea ya manispaa. Tangu nikiwa mdogo amekuwa akipika huko kwa mkataba. Kila Juni mkataba unakufa, kiangazi chote hajui kama ataitwa tena, na sisi tunajifunza kutomuuliza. Mwaka jana ikatangazwa nafasi moja ya kudumu, na waombaji wenye cheti cha Kiingereza waliongezewa pointi. Kwa nini mtu wa kukoroga dengu adaiwe Kiingereza, usiniulize mimi. Nchi yetu imependa vyeti kuliko watu. Mama hakulalamika hata kidogo. Alivua aproni, akapanda ngazi za tuisheni ya Mwalimu Evanthia, ile ile iliyoko juu ya duka la dawa ambako alinipeleka mimi nikiwa mtoto, akakaa dawati la mbele katikati ya vijana wenye chunusi.

Kusoma alimudu, na kusikiliza alimudu. Kilichomtoa jasho ni insha ya maoni. Kwa wasioijua, ni hivi: unapewa hoja, unasema mwanzoni kabisa uko upande gani, unatoa sababu zako, kisha unakuja kwenye aya moja ambayo lazima umpe nafasi mtu anayekupinga. Unamweka mezani kwa heshima, anasema yake, halafu ndipo unamjibu na kufunga. Mimi niliipita nikiwa na miaka kumi na minne kwa kukariri vifungu vya Mwalimu Evanthia kama sala, bila kuwaza lolote. Watoto wote wa mtaa wetu walifanya hivyo.

Mama hakujua kukariri. Alijua kubisha. Aya zake za sababu zilikuwa na moto, lakini akifika kwa mpinzani anaandika hivi: wapo wanaosema vinginevyo, ila hao hawajawahi kuosha sufuria. Mwisho wa aya.

Mwalimu Evanthia ni mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, na huruma yake haijawahi kuonekana na mtu. Siku moja aliniita nilipokwenda kumchukua Mama, akaniwekea karatasi mbele.

"Soma hapo, Mina. Hiyo ni aya au ni kofi?"

Nikakiri kwamba ni kofi.

"Mama yako ana kichwa kizuri kuliko chako, usinune, ni kweli. Lakini hajawahi kumsikia mtu akimaliza kumpinga. Atamwandikaje asiyemjua? Nendeni nyumbani mkamtafutie mpinzani."

Mama aliyachukua maneno yale kama dawa ya daktari. Akatangaza kwamba kuanzia jioni ile, mezani patakuwa na hoja moja, mmoja wetu atapinga, na wengine watanyamaza mpaka amalize. Baba akacheka mpaka akakohoa. Jioni ya kwanza nilijaribu kupinga kwamba simu zipigwe marufuku shuleni, na sikufika sentensi ya pili. Baba alikuwa ameshaingia na mjomba wake wa mji wa Larisa aliyegongwa na baiskeli kwa sababu ya simu. Jioni ya pili hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu na Mama mwenyewe aliingilia.

Hapo ndipo upishi ulipomsaidia. Jioni ya tatu tulikuta pweza mezani. Mama yangu huchemsha pweza mpaka unamkata kwa uma, ni sifa yake mtaa mzima, lakini yule wa siku ile alikuwa mgumu kama soli ya kiatu. Akamjazia Baba sahani, akamwekea na kiglasi chake cha tsipuro, pombe kali ya zabibu, pembeni, kisha na yeye akajitilia kipande kikubwa mdomoni. Nikaelewa. Nikajitilia changu. Nilimtazama Mama akitafuna kwa bidii na machozi yakimlengalenga, nikampenda mno.

Hoja ya jioni ile aliitoa Mwalimu Evanthia mwenyewe: wazee wanastahili kuishi na watoto wao. Na aliyebaki bila pweza alikuwa Bibi, kwa kuwa meno hana; yeye aliwekewa supu.

Bibi Asimina ni somo yangu, mimi ndiye niliyerithi jina lake. Alikuja kukaa nasi alipovunjika nyonga kijijini kwake, mlimani Pilio. Mama ndiye aliyekwenda kumjulia hali akamkuta sakafuni jikoni asubuhi ile, akiwa amelala pale tangu jana yake, baridi imemshika. Mama hajaisahau sura ile. Toka siku hiyo humwogesha, humkata kucha, humpelekea chai kitandani, na mtu akigusia habari za kijiji Mama hutoka chumbani. Niseme tu, mkwe kama Mama utamtafuta sana.

Bibi akatutazama sote tukitafuna. Akangoja akatizwe. Hakukatizwa. Akaweka kijiko chini.

"Basi nami ndiye mpinzani," akasema. "Haya. Hapa mnanipikia, kule nilikuwa napika. Hapa mnaniuliza kama nimelala vizuri, kule hakuna wa kuniuliza, lakini nikichelewa kuamka kuku wanapiga kelele, na Kaliroi wa jirani anagonga ukuta na fimbo. Ufunguo wa kanisa dogo ulikuwa kwangu. Kandili nilikuwa nawasha mimi. Kule nikiamka kuna wanaoningoja. Hapa nikiamka, nawangoja ninyi."

Baba alikuwa anatafuna kwa kasi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Si kwamba mnanitesa," Bibi akaendelea, na sasa alikuwa anamtazama Mama peke yake. "Fotini mwanangu, binti wa tumbo langu asingenitunza hivi. Lakini nikianguka tena, nataka iwe kwangu. Nimemaliza."

Hatimaye Baba akameza. Akamwambia mama yake aachane na mambo hayo, ngazi za kule zina barafu, na supu inapoa. Mama aliondoa sahani, akakaa kwenye kona ya meza iliyofutwa, akaandika insha. Alimweka Bibi katika aya ya mpinzani neno kwa neno, kisha akamjibu kwamba usalama wa mtu hutangulia matamanio yake. Mwalimu Evanthia aliisoma mara mbili akasema hatimaye kuna watu wawili kwenye karatasi. Mama alirudi nyumbani anaimba. Bibi alipoambiwa kwamba maneno yake yamepata alama nzuri, aliuliza swali moja tu, kama amejibiwa. Mama akamwambia ndiyo, amejibiwa. Bibi akaitikia kwa kichwa, akageukia dirisha.

Mtihani ulifanyika mwezi Mei katika ukumbi wa hoteli moja karibu na stesheni. Nje walijazana akina mama wenye chupa za maji na picha ndogo za watakatifu mkobani, wakifanya ishara ya msalaba kila mlango ulipofunguka. Mimi nilikuwa mtoto pekee anayemsubiri mama yake. Mmoja akanihurumia, akaniuliza kama nimechelewa kuingia. Nikamwambia aliye ndani ni mama yangu. Akanitazama, akaangalia mlango, halafu akafanya ishara ya msalaba na kwa ajili yake. Nilimwonea Mama fahari.

Vijana walianza kutoka wakicheka. Mama alitoka wa mwisho, nywele zimemganda kwenye paji la uso, wino hadi kwenye kifundo cha mkono. Tukakaa kwenye ukuta mfupi kando ya barabara, nikampa maji, naye akanieleza.

Hoja ilikuwa kwamba watu huishi vizuri zaidi mjini kuliko kijijini. Alifurahi alipoiona. Akaanza kwa kukubali kwa nguvu zote. Akataja hospitali, joto la nyumba wakati wa baridi, watoto walio karibu. Akafika kwa mpinzani, na mpinzani alikuwa anamjua. Akamwandika Bibi kwa utulivu, bila haraka, na safari hii aliongeza na ya kwake: ya mwanamke anayeketi dirishani mjini tangu asubuhi akisubiri mlango ufunguliwe. Kisha akaandika neno la kuanzia jibu, na kalamu ikasimama.

"Nilitafuta la kumjibu, Mina. Nikalitafuta kila mahali. Ile ya usalama niliiona kwenye karatasi kabla sijaiandika, nikaona haya. Nilikuwa nasema usalama wake, lakini nilikuwa na maana ya woga wangu."

"Ukafanyaje?"

"Nikafuta mwanzo wote. Nikahamia upande wake."

Mwalimu Evanthia ana sheria nyingi, lakini moja ameibandika ukutani kwa herufi nyekundu: usibadili upande katikati ya safari. Upande ukibadilika lazima kila kitu kibadilike, na muda haukusubiri. Mama alikata mwanzo wake kwa mstari mmoja, akaandika mwingine pembeni kwa herufi ndogo, akazigeuza zile sababu za mji ziwe ndizo za mpinzani, na alipokuwa anaandika neno la mwisho msimamizi alikuwa ameshaishika karatasi kwa upande wa pili. Ajira ya kudumu ilikuwa pale, imelala mbele yake. Angeandika sentensi moja ambayo haiamini, angeenda zake. Katika mji ambao watu hawakubali kushindwa hata ubishi wa bei ya nyanya, mama yangu alikubali kushindwa na bibi kizee asiyekuwepo chumbani, akiwa na kalamu mkononi na hakuna anayemwona.

Mwalimu Evanthia alipopigiwa simu alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Fotini, umejichimbia kaburi." Lakini sauti yake haikuwa ya hasira.

Mama hakusubiri matokeo. Jumapili iliyofuata alimwambia Baba awashe gari, wanampeleka Bibi kwake kijijini.

"Kwa hiyo sasa insha ndiyo inayotawala nyumba yangu?" Baba akauliza. "Na akianguka? Watu watasema nini, kwamba nimemtupa mama yangu mlimani?"

"Watasema. Na mimi nitaogopa kila usiku, Lefteri, kuliko wewe. Nenda kawashe gari."

Baba akafungua kinywa. Mama akamtazama tu. Akakifunga mwenyewe, bila pweza. Njia nzima alikuwa ananung'unika kuhusu kona na mbuzi barabarani, lakini tulipofika ndiye aliyembeba Bibi kupanda ngazi, na kabla ya jua kutua alikuwa ameshafunga bomba la kushikia kwenye kila ukuta wa nyumba ile, hata mahali ambapo hapana pa kwenda. Kaliroi alipokezwa namba zetu zote za simu na fimbo mpya.

Matokeo yalitoka Julai. Tulikuwa huko huko kijijini, kwenye ua wa Bibi, kuku wakipita chini ya meza. Mimi ndiye niliyefungua simu, maana Mama alikataa kuigusa. Mkataba wake ulikuwa umeshakufa kama kawaida, na nilijua kwamba nikisema neno baya, tutaanza tena kiangazi cha kutomuuliza kitu.

Alikuwa amefaulu. Kusikiliza wastani, kusoma wastani, na insha ndiyo iliyombeba, alama zake zilikuwa za juu kabisa. Nilisoma kwa sauti, nikarudia. Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia waziwazi, mikono imelegea mapajani. Baba akaanza kupiga simu kwa ukoo mzima hadi Larisa.

Bibi akatoka jikoni kwake na sinia la tini, akishika mabomba ya Baba moja baada ya jingine. Akaliweka mezani. Akamuuliza Mama habari ni gani, naye akaambiwa. Akauliza tena lile swali lake la siku ile, kama safari hii amejibiwa.

"Hapana, Mama," Mama akasema. "Safari hii sikukujibu."

Bibi akachagua tini iliyoiva kuliko zote, akampa. Halafu akavuta kiti, akasema kwamba kwa vile tupo wote, analo jambo jingine ambalo amekuwa akitaka kutuambia tangu marehemu Babu alipofariki. Baba akakata simu. Tukanyamaza.