Ngoja Nitue Kwanza

Chini yangu kulikuwa na mawingu, meupe, yamelala kama pamba iliyochambuliwa, na miguuni nilikuwa nimevaa kandambili. Mawingu niliyaona. Kandambili nilizihisi tu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefunikwa na ile miwani mizito ya kompyuta, na kila nilipoinamisha kichwa kutafuta miguu yangu niliona sakafu ya ndege, pedali mbili, na suruali ya mtu ambaye si mimi. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Feni ya mezani ilinipulizia usoni, na upepo wake ukawa upepo wa huko juu. Nilikuwa fundi cherehani, mama mtu mzima, sijawahi kupanda hata ndege ya abiria, na nilikuwa narusha ndege.

"Shusha pua," ilisema sauti nyuma yangu. "Taratibu. Umeshika mtoto, hujashika mwizi."

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Kwa kuisikia tu ningeweza kukaa hewani mpaka mafuta yaishe. Kabla ya hapo alikuwa amekaa karibu mwaka mzima bila kunisemesha zaidi ya kuuliza kama mlango umefungwa.

Rubani wa kweli alikuwa yeye. Alirusha ndege ndogo ya kunyunyizia dawa mashamba makubwa, zile zinazopita chini chini juu ya mimea hadi majani yanatikisika. Mimi nilimwita Rubani, yeye aliniita Fundi, na watoto wetu walipokuwa wadogo walidhani hayo ndiyo majina tuliyopewa na wazazi wetu. Ndege yake ilikuwa na kiti kimoja tu. Miaka yote ya ndoa yetu alikwenda juu peke yake, akarudi na harufu ya dawa na mafuta kwenye shati, nami nikaifua harufu ile bila kujua ilikotoka.

Halafu, katika vipimo vya kawaida vya marubani, daktari aliusikiliza moyo wake kwa muda mrefu mno. Kwa mtu wa kula, kutembea na kulala, alimwambia, moyo huo hauna neno, utakwenda miaka mingi. Kwa rubani haufai. Leseni ikachukuliwa. Akarudi nyumbani mchana jua likiwa kali, akavua viatu mlangoni, akaketi chumbani kwenye kiti kinachotazama ukuta, na hapo pakawa makazi yake.

Nilimhurumia, kisha nikamkasirikia, kisha nikaanza kuogopa. Watoto wetu walishakuwa watu wazima, kila mmoja na kwake. Walipiga simu, akawajibu kwa mkato, akanirudishia simu kabla hawajamaliza salamu. Nikishona, nilikuwa nasimamisha cherehani kila mara nisikilize kama anapumua. Nilikuwa nampoteza mume wangu, naye yuko ndani ya nyumba, mlango wa pili kutoka kwangu.

Siku moja, akikoroga chai iliyokwisha poa, alisema anataka kwenda kukaa kwa kaka yake. Kaka yake alikuwa na shamba la mifugo mbali sana, mahali ambapo hata simu ilishika kwa mbinde.

"Kwa muda gani?" nikamuuliza.

"Sijui, Fundi. Huku nimekuwa kama kabati. Unanizunguka tu."

Nilitaka kumwambia kwamba kabati halinikoseshi usingizi. Anayeondoka bila kujua anarudi lini mara nyingi harudi; hilo nililijua, na yeye alijua kwamba nalijua. Begi lake likatolewa juu ya kabati, likapanguswa vumbi, likawekwa kando ya kitanda.

Miwani ililetwa na mdogo wangu wa kiume, fundi kompyuta, mtu wa maneno mengi na roho safi. Alikuja na maboksi hadi kidevuni: kompyuta, fimbo ya kuongozea, pedali za miguu, na miwani yenyewe. Akayapanga yote kwenye chumba changu cha kushonea, kwa sababu ndipo palipokuwa na meza pana.

"Shemeji, njoo uone! Dawa yako imefika. Ukivaa hii umo ndani ya ndege, ukigeuka unaliona bawa, kila kitu."

Mume wangu alisimama mlangoni, akatazama, akaguna. "Hayo mambo ya watoto."

Mdogo wangu alipotoka kwenda kuchukua waya kwenye gari, Rubani alinikaribia. Aliongea chini chini.

"Nimeshashushwa mara moja. Mnataka nipande tena, halafu nikivua hilo dude nishuke? Leo nishuke, kesho nishuke? Niacheni jamani."

Akarudi kwenye kiti chake. Lakini vitu vilikuwa vimeshapangwa mezani kwangu, na mdogo wangu alikuwa amerudi na waya wake mkononi, ameduwaa. Nikamwambia anifundishe mimi.

Alicheka mpaka alipoona sicheki. Basi akaanza. Alipima nafasi iliyo kati ya mboni zangu kwa tepu yangu mwenyewe, akazisogeza lenzi zikae sawasawa na macho, maana zikipishana hata kidogo, alisema, dunia yote inakuwa na ukungu. Akaukaza mkanda kisogoni. Akaondoa kiti changu cha magurudumu akaleta cha jikoni, kisichoyumba. Feni akaielekeza usoni, mwili usichanganyikiwe macho yanapokwenda na matako yamekaa. "Mwanzoni dakika chache tu, dada. Tumbo likianza kukoroga, vua hapo hapo. Usijifanye mwamba."

Nilijifanya mwamba, nikatapika kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa.

Tatizo jingine lilikuwa vitufe vya kompyuta. Ukishavaa miwani huvioni, na mimi nilikuwa napapasa na kubonyeza ovyo, mara naita ramani, mara nazima injini. Mdogo wangu aliponiaga nilifungua kopo langu la vifungo. Kwenye kitufe cha breki nikabandika kifungo kikubwa cha koti. Kwenye cha kurekebisha kiti, kifungo cha shati chenye matundu manne. Kwenye cha kuwasha injini, kile cha kitambaa cha gauni, laini. Vidole vyangu vimeishi na vifungo tangu usichana. Kuanzia hapo sikupotea tena.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nyumba ikiwa imetulia na pazia linavuta pumzi dirishani, niliketi peke yangu nikawasha. Ilikuwa ndege ndogo ya mafunzo, imesimama mwanzo wa njia ya kurukia, na mbele yangu lami ndefu iliyoishia kwenye anga. Sijui nielezeje uzuri wa ile anga. Nilijua kabisa kwamba mbele yangu kuna ukuta, na ukutani kuna gauni la mteja. Ila macho yalikataa kunisaidia kukumbuka.

Ndege ikaanza kwenda polepole. Nilitaka iongeze mwendo, na mtu aliyeshona maisha yake yote akitaka mwendo anafanya nini? Anakanyaga. Nikakanyaga pedali ya kulia. Ndege ikageuka kulia. Nikaona haijasikia, nikakanyaga kwa nguvu zaidi, kama ninavyokanyaga nikipiga mshono mrefu wa pazia. Tukaiacha lami, tukaingia kwenye majani, na mbele nikaona banda kubwa la bati linakuja na milango yake yote.

"Toa mguu!" mtu alifoka mlangoni. "Toa mguu, we mwanamke! Ndege haikanyagwi! Mwendo uko mkononi, miguu ni ya kugeuzia!"

"Sasa mbona hukusema?" nikapiga kelele, nikaingia bandani.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Nilivua miwani. Rubani alikuwa ameegemea fremu ya mlango, mkono tumboni, anacheka. Alicheka hadi akakaa chini sakafuni, kwenye nyuzi na vipande vya vitambaa, machozi yanamtoka. "Anakanyaga," alisema kwa shida. "Anaipiga cherehani!" Nami nikacheka, na nikalia kidogo ndani ya kile kicheko, bila yeye kuona.

Alipopata pumzi akajifuta uso. Macho yake yakaelekea chumbani, kwenye begi. Nikawahi kabla hajanyanyuka.

"Huwezi kuniacha hivi, ndege iko bandani. Nifundishe. Ngoja nitue kwanza, nitue mwenyewe bila msaada, ndipo uende kwa kaka yako. Sitakuzuia."

Akajipangusa nyuzi kwenye suruali. "Ukitua vizuri, kesho yake naondoka."

"Sawa."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Ndivyo tulivyopata zile alasiri. Nikizikumbuka sasa, nywele zetu zote wawili zikiwa nyeupe, hazijipangi moja baada ya nyingine; zinakuja kwa pamoja, zote na mwanga uleule wa pazia. Mimi nimeketi kwenye kiti cha jikoni, yeye amesimama nyuma yangu akitazama kwenye kioo cha kompyuta kile ninachokiona ndani ya miwani. Miwani yenyewe hakuigusa. Alinifundisha kwa sauti tu. Alinionyesha namna ya kugeuza kichwa na kuitafuta njia ya kurukia juu ya bega, kwa sababu shingo ya rubani, alisema, hufanya kazi kuliko mikono yake. Alinifundisha kutokuifukuza mishale ya vipimo, nitazame mahali anga inapokutana na ardhi nipumzishe macho hapo. Tulipita juu ya mito isiyo na jina, juu ya milima yenye rangi ya moshi. Na katikati ya maelekezo alianza kuniambia mambo. Kwamba alfajiri mashamba hutoa mvuke. Kwamba kivuli cha ndege kwenye mimea huwa na duara la mwanga linalokizunguka, na kwamba miaka yote alitamani nikione. Kwamba huko juu alikuwa anaimba, kwa sauti mbaya, kwa kuwa hakuna wa kumsikia.

"Hukuniambia," nilisema.

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo. Basi imba."

Hakuimba. Lakini sauti yake ilikuwa imesogea, karibu kabisa na sikio langu.

Na mikono yangu, bila kuniuliza, ikajifunza. Ilifika siku nikaona njia ya kurukia mbele yangu imenyooka, mwendo sawa, kimo sawa, ndege inashuka pole pole, na nikatambua kwamba nikiacha mambo yaende yalivyo nitatua. Yeye pia aliona. Kulikuwa na sauti ya injini, sauti ya feni, na pumzi yake.

Nilikuwa na uwezo wa kuharibu. Kuvuta fimbo kidogo tu kungetosha; ndege ingeruka, ingeanguka, naye angesema tujaribu tena kesho, na keshokutwa, na mwakani. Nililifikiria jambo hilo kwa moyo wote. Lakini nimeshona tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuupinda mshono makusudi ili mteja arudi. Na yeye angejua. Angejua kwenye mkono wangu, angebaki kwa kunionea huruma, na mimi sikutaka mume wa kunionea huruma.

Nikaituliza. Gurudumu moja likagusa, la pili likafuata, pua ikashuka yenyewe. Nikapapasa kifungo cha koti, tukasimama katikati ya lami. Nikazima injini.

Sikuvua miwani. Ndani yake nilikuwa nimeanza kulia, na lenzi zilikuwa zinaingia ukungu, na sikutaka kutoka humo nikute chumba hakina mtu.

"Umetua," alisema.

"Nimetua."

"Vizuri sana, Fundi. Vizuri kuliko mimi nilivyotua mara ya kwanza."

"Basi nimelitimiza neno langu. Nikakupakie nguo?"

Nikahisi mikono yake kisogoni kwangu, inalegeza mkanda. Mwanga wa chumba ukanijia machoni. Akaipangusa miwani kwa shati lake, ndani na nje, kwa uangalifu, bila kunitazama.

"Nyanyuka," akasema.

Nilinyanyuka. Akakaa. Alishika miwani mapajani kwa muda, kisha akaivaa kama mtu anayetumbukiza uso kwenye maji baridi. Mabega yake yalipanda, yakashuka. Nikaona vidole vyake vinapita juu ya vifungo vyangu, kimoja kimoja, vikitabasamu kabla ya uso. Injini ikawaka.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono mitupu, namwona mtu mzima kwenye kiti cha jikoni, amezibwa macho, anageuza kichwa huku na huku. Niliogopa. Niliogopa ile dakika ya kuvua. Akapaa bila mtikisiko wowote, akapinda, akanyoosha. Halafu akageukia upande wa kulia na kukaa akitazama hapo.

"Hii ina viti viwili," alisema.

"Ndiyo. Ni ya mafunzo."

"Kuna kiti kitupu hapa."

Nikavuta kigoda changu, nikakiweka kulia kwake, nikaketi. Mkono wake uliiacha fimbo, ukatafuta hewani, ukanipata gotini, ukatulia.

"Sasa tazama chini," akaniambia. "Hapo mto unapokunja. Umeuona?"

Mbele yangu kulikuwa na ukuta, na ukutani gauni lililokosa mkono mmoja.

"Nimeuona," nikasema.

Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, mwanga wa pazia ukisogea sakafuni. Alipotua na kuvua miwani, alikuwa na alama nyekundu kwenye mashavu, na macho yamelowa. Aliyapepesa, akakitazama chumba chote, cherehani, feni, kikapu cha vipande, na mwisho akanitazama mimi.

"Kesho turuke asubuhi," alisema. "Hewa huwa imetulia."

Nikamwambia asubuhi nina gauni la mteja la kumaliza. Akasema basi atanisubiri.