Mota Yalia, Gari Halitoki

Mwalimu alipostaafu, wenzake wa shuleni walimpa gari la kuchezea la rimoti, kubwa kama paka aliyeshiba. Siku nne alilikimbiza uani kama mtoto. Siku ya tano likajibamiza kwenye ngazi, na tangu hapo ukibonyeza rimoti mota inalia wiii, magurudumu kimya. Mwalimu akalirudisha kwenye boksi, akajikalia kitini na gazeti.

Mkewe, fundi cherehani, alivumilia wiki mbili. Kila akiinua macho kutoka kwenye kushona anamwona mtu yuleyule, gazeti lilelile, ukurasa uleule. Jumamosi asubuhi akampigia simu shemeji yake, mdogo wake Mwalimu, fundi wa magari ya kweli.

Shemeji akaja kifua mbele. Akabonyeza mara moja, akatikisa kichwa.

"Mota imekufa hii, kaka. Tukazike."

"Maiti gani anapiga kelele hivyo?" akauliza mke wa Mwalimu.

"Shemeji, wewe shona. Vyuma niachie mimi."

Neno lile lilimchoma kidogo, lakini sikio lake lilikuwa kwenye ile sauti. Aliijua. Mkanda wa cherehani yake ukilegea, mota hulia vivyo hivyo huku sindano imesimama. Akasukuma vitambaa pembeni, akaliweka gari juu ya meza ya kukatia, akafungua kifuniko cha gia.

"Baba, shika hii gia kubwa ya plastiki, usiiachie. Shemeji, bonyeza kidogo. Kidogo, nimesema!"

Gia kubwa haikusogea. Gia ndogo ya chuma, ile iliyovikwa kwenye mota, nayo ilitulia tuli. Kilichozunguka ni mhimili wa mota peke yake, ndani ya ile gia ndogo.

"Mota nzima kabisa," akasema. "Skrubu inayobana gia ndogo kwenye mhimili ndiyo imelegea."

Shemeji akanyakua bisibisi, akakaza kwa nguvu zote. Wakajaribu: wiii, patupu. Mwalimu akavaa miwani, akainama.

"Mhimili una upande bapa," akasema taratibu, kama yuko mbele ya darasa. "Skrubu inatakiwa ikanyage hapo." Akaugeuza kwa ncha ya kidole, akakaza mwenyewe.

Ikabaki kupima nafasi kati ya gia mbili. Zikibanana zinasagana, zikiachana zinaruka. Mkewe akachana pembe ya gazeti, akaipachika katikati ya meno.

"Sijamaliza kusoma!"

"Wiki mbili, baba?"

Wakasogeza mota mpaka ikabana karatasi, wakakaza, wakaichomoa. Wakalishusha gari sakafuni, likaenda hatua mbili, likasimama. Safari hii shemeji ndiye aliyepiga magoti, akalitazama kwa chini.

"Shafti ya nyuma inazunguka ndani ya gurudumu. Pini imekatika," akasema, bila majivuno. "Na pini nyembamba hivi mimi sina."

Mke wa Mwalimu akafungua droo, akatoa sindano ya cherehani iliyovunjika ncha. Shina lake likaingia tundu la shafti kana kwamba limepimwa. Shemeji akalikata kwa koleo, wakarudisha gurudumu, wakakaza nati.

Gari likaruka kizingiti, likatimua vumbi uani. Mwalimu akalifuata mbio, ndala moja ikabaki nyuma, akicheka kile kicheko chake cha kukohoa. Mkewe alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu gari lijibamize kwenye ngazi.

"Shemeji," akasema fundi magari, akikwangua grisi kwenye kucha, "nisamehe kwa lile la kushona."

"Yamekwisha."

"Basi mwambie kaka aniachie na mimi rimoti kidogo."

"Kaka yako huyo, mwambie mwenyewe. Na ukiipata, ujue wa pili ni mimi."